Luvungi: Magazini za zamani za barabara namba 5, historia iliyo ndani ya kuta

Anayetoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 anapita Nyangezi, anateremka Ngomo, anafika Kamanyola, kisha anaingia Luvungi. Mbele yake kunabaki Bwegera, Luberizi, Sange, Kiliba, na mwisho Uvira kando ya ziwa Tanganyika. Katika senta za barabara hii macho yanakutana na nyumba za aina moja. Ni ndefu, zimetazama barabara, zina barza mbele yenye nguzo, milango miwili ao mitatu mipana, na paa la manjanja lililoshikwa na kutu. Wakaaji wanaziita magazini, hata pale ambapo ndani hakuuzwi tena chumvi wala kitenge, bali kuna chumba cha maombi, duka la dawa, kinyozi ao depo ya muhogo.

Luvungi inayozungumziwa hapa ni ile ya usheferi wa Bafuliiru, teritware ya Uvira, Kivu ya Kusini. Isichanganywe na Luvungi ya Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Magazini hizi zilijengwa kwa kazi moja: kununua mavuno ya mkulima na kumuuzia vitu vilivyotoka mbali. Zimepita katika mikono mingi bila kuhama hata mita moja. Leo nyingine zinabomolewa ili zijengwe za ghorofa, nyingine zinaanguka zenyewe kwa mvua, na nyingine ni chanzo cha kesi kati ya familia. Ndiyo maana inafaa kujua zilitoka wapi.

Kabla ya kuta

Biashara katika bonde ilikuwapo kabla ya magazini. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilivuka ziwa hadi upande wa Uvira. Walitafuta pembe za ndovu, na pia walichukua watu utumwani. Pesa yao ilikuwa shanga, waya ya shaba na nguo nyeupe ya pamba iliyoitwa amerikani, kwa sababu mwanzoni ilitoka Marekani. Lugha ya Kiswahili ilipanda na njia hiyohiyo. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hadi kaskazini mwa ziwa ili kumaliza ubishi wa wazungu: je, Ruzizi inatoka ziwani ao inaingia? Wakaona inaingia, jambo ambalo wakaaji wa bonde hawakuwa na haja ya kuambiwa.

Baadaye Ruzizi ikawa mpaka. Wajerumani walikuwa ng'ambo, Rwanda na Burundi. Wabelgiji walikuwa upande huu, na Luvungi ilikuwa kituo chao cha askari. Septemba 1915, ndani ya vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani walivuka mto na kushambulia kituo hicho. Mahali pa bunduki hapakuwa mahali pa kujenga duka la matofari. Mwaka uliofuata, 1916, jeshi la Wabelgiji liliingia Rwanda na Burundi, na bonde likaacha kuwa mstari wa mbele.

Kilichofungua mlango wa biashara kubwa kilifanyika mbali na Luvungi. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walipatana kwamba bidhaa za Kongo, Rwanda na Burundi zipite Dar es Salaam na Kigoma kwa masharti mepesi, na Wabelgiji wakapewa sehemu zao kwenye bandari hizo mbili. Kuanzia hapo sanduku la sabuni ao furushi la manjanja liliweza kushushwa melini Dar es Salaam, kupanda treni hadi Kigoma, kuvuka ziwa kwa boti hadi Kalundu, bandari ya Uvira, na kupanda bondeni. Katika miaka ya 1930 kulikuwa hata na reli ndogo kutoka Kalundu hadi Kamanyola, iliyofanya kazi hadi karibu na Uhuru. Vijana wengi wa leo hawaamini kama treni iliwahi kupita katika bonde hili, lakini ilipita.

Pamba, kodi na duka

Njia peke yake haijengi duka. Lazima kuwe na mtu mwenye pesa mkononi. Utawala wa kikoloni ulitengeneza mtu huyo kwa nguvu. Sheria ya Februari 1917 iliruhusu kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na utawala, kwa siku zisizopita 60 kwa mwaka. Mwaka 1921 sheria nyingine iligawa nchi katika maeneo ya pamba, ambapo kila kampuni ilikuwa na haki ya peke yake ya kununua mavuno ya eneo lake. Bonde la Ruzizi, lenye joto na udongo mzuri, likawa bonde la pamba, na Lubarika, karibu na Luvungi, kukawekwa kituo cha utafiti wa kilimo.

Mzunguko ulikuwa hivi. Mkulima alibeba pamba hadi mahali pa mizani. Kampuni ilimlipa bei ambayo yeye hakuipanga. Sehemu ya pesa ilienda kwenye kodi, na anayekosa kodi alijua jela inamngoja. Iliyobaki ilivuka barabara na kuingia dukani: chumvi, sabuni, petroli ya taa, jembe, panga, blanketi, kiberiti, kitambaa cha mama wa nyumba. Siku za msimu wa pamba ndizo zilikuwa siku za duka. Miezi mingine mwenye duka aliandika madeni katika kitabu na kungoja msimu urudi.

Magazini ilifanya pia kazi ya pili, ambayo mara nyingi inasahaulika: ilinunua. Maharage, mahindi, muhogo, mafuta ya ngazi na ngozi za ng'ombe viliingia kwa mlango wa nyuma, vikapimwa, vikawekwa ndani ya mifuko, vikangoja kamio. Kwa hiyo jengo lilihitaji pande mbili, mbele ya kuuzia na nyuma ya kuwekea, na ndivyo lilivyojengwa.

Jinsi lilivyojengwa

Anayetaka kuielewa magazini ya zamani aanzie chini. Fondasio ni ya mawe, nayo imeinuliwa juu ya udongo. Sababu ni maji. Bonde ni tambarare; mvua kubwa ikipiga milimani, maji yanashuka na kutanda. Mfuko wa chumvi ao wa sukari ukiguswa na unyevu, mali imepotea. Sakafu iliyoinuka inaokoa mali, na inamrahisishia kazi mpakiaji, kwa sababu ngazi ya barza inakaribia urefu wa sanduku la gari.

Kuta ni za matofari ya kuchoma, nene, zimepakwa sima ao chokaa. Ukuta mnene unachelewa kushika joto la mchana, na hilo si jambo dogo: Bukavu iko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, lakini bondeni ni chini ya mita 1.000, na jua la saa saba linajulikana na kila aliyelima huko. Chini ya paa mjenzi aliacha matundu, kwa safu ya matofari yaliyopangwa kwa nafasi, ili hewa ya moto itoke usiku na mchana bila kufungua mlango. Dari iliwekwa juu, mbali na kichwa cha mteja, kwa sababu manjanja yanapika.

Manjanja yenyewe ni kitu cha safari. Bati lenye mikunjo lilibuniwa London mwaka 1829. Mikunjo ndiyo inayolipa nguvu: bati jembamba ambalo likiwa bapa lingepinda, likikunjwa linaweza kupita kutoka boriti hadi boriti bila kuanguka. Ni jepesi, linapangwa moja juu ya jingine, na linabebeka. Kwa duka lililo mbali na bandari hakukuwa na paa jingine la bei hiyo. Nyasi zilikuwapo, lakini nyasi na petroli havikai nyumba moja.

Mbele kuna barza. Barza ni sehemu ya biashara. Kivuli chake kilizuia jua lisichakaze vitambaa vilivyotandazwa mlangoni, na kilimpa mteja mahali pa kungoja mvua iishe. Hapo ndipo alipokaa mshonaji na mashini yake: mama ananunua kitambaa ndani, anatoka nje, anapimwa, siku hiyohiyo ao kesho anachukua nguo. Fundi wa kinga alikuwa kwenye kona nyingine. Wazee walikaa hapo kusikiliza habari za Uvira na Bukavu kutoka kwa madereva. Katika senta isiyo na jengo la mikutano, barza ya duka ilifanya kazi hiyo.

Ndani, kontwari ya mbao ilikata chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja ni wateja, upande mwingine ni mali, kwenye rafu zinazopanda hadi dari. Mteja hakugusa kitu. Alionyesha kwa kidole. Nyuma ya rafu kulikuwa na depo yenye madirisha madogo ya vyuma, na nyuma ya depo kiwanja kilichozungushiwa ukuta, na jiko, tanki la maji ya mvua na vyumba vya kulala vya mwenye duka. Aliishi na mali yake. Ndiyo sababu milango ya mbele ni minene kuliko ya nyumba yoyote ya jirani.

Nani alisimama nyuma ya kontwari

Katika Kongo ya Wabelgiji, biashara ya rejareja ya vijijini haikushikwa sana na Wabelgiji wenyewe. Wareno walikuwa wengi upande wa magharibi ya nchi. Upande wa mashariki walikuwa Wagiriki, Wahindi na Waarabu. Wahindi walifuata njia iliyofunguliwa kutoka pwani. Anayejulikana zaidi ni Allidina Visram, aliyefika Bagamoyo akiwa kijana kutoka Kutch, India, akaeneza maduka yake katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya na Uganda. Alifariki mwaka 1916, baada ya homa iliyompata katika safari ya biashara ya Kongo. Jengo la duka la Kihindi la Afrika ya Mashariki, lenye barza mbele, duka katikati na familia nyuma, linafanana na magazini za bonde kama ndugu wa tumbo moja.

Mkongomani alikuwa wapi? Aliruhusiwa biashara ndogo ya soko na ya kutembeza. Mkopo wa benki wa kununua mali kwa wingi ulikuwa karibu haupatikani kwake. Ndani ya magazini alikuwa kapita: ndiye aliyejua wateja kwa majina, aliyejua nani analipa na nani hakopeshwi, aliyepima na kufunga. Kapita wengi walijua duka kuliko bosi wao. Lakini jina la ukutani halikuwa lao.

Milango iliyobadili mikono

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 haukubadili jina hilo mara moja. Vita ndiyo ilianza. Mwaka 1964 uasi uliotangazwa kwa jina la Lumumba uliingia Bonde la Ruzizi, na kati ya viongozi wake wa hapa alikuwa Musa Marandura. Mei 1964 Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi, na Kamanyola palipiganwa vita ambayo Mobutu aliifanya kuwa sehemu ya sifa zake. Baadaye aliita divisheni nzima ya jeshi kwa jina la Kamanyola. Kwa maduka ya barabara hii ilimaanisha milango iliyofungwa na mali iliyokimbizwa.

Pigo la pili lilikuja kwa hotuba. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba na kampuni ndogo za wageni zitapita mikononi mwa Wazairwa. Ndiyo Zairianizasio. Waliopewa waliitwa wanunuzi, lakini wengi hawakulipa, na wengi walichaguliwa kwa ukaribu wao na chama cha MPR ao na viongozi. Mara chache sana alichaguliwa kapita aliyejua kazi.

Kilichofuata kinaeleweka kwa hesabu ya duka. Mali iliyo kwenye rafu ni nusu tu ya duka. Nusu nyingine haionekani: mkopo kwa mfanyabiashara mkubwa wa Bukavu ao Bujumbura, gari linalorudi kila wiki, kitabu cha madeni. Mwenye duka mpya aliuza kilichokuwa kwenye rafu, na kilipoisha hakuwa na wa kumletea kingine. Kotekote nchini rafu zikabaki wazi. Novemba 1975 Serikali ilirudi nyuma, ikaruhusu wenye mali wa zamani warudishiwe sehemu ya asilimia 40, na Septemba 1976 ikapandisha hadi 60. Wengine walirudi. Wengi walikuwa wameshapata maisha kwingine, na duka la senta ndogo halikuwa na uzito wa kuwarudisha.

Nchi jirani zilipita mlango huohuo kwa miguu tofauti. Uganda, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Tanzania ilitaifisha majengo yenye thamani kubwa mwaka 1971, na mwaka 1976 ilijaribu kufunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, jambo lililoitwa Operesheni Maduka. Kila mahali jengo lilibaki palepale na swali lilikuwa lilelile: nani atalijaza?

Waliojaribu kulijaza hapa walikutana na pesa isiyotulia. Desemba 1979, siku ya Noeli, Serikali iliondoa noti za zaire 5 na 10 kwa ghafla. Aliyekuwa na akiba nyumbani, mbali na benki, alibaki na karatasi. Mwaka 1991 na 1993 askari walipora maduka katika miji ya nchi. Oktoba 1996 vita ya AFDL ilianzia bondeni na Uvira. Kambi za wakimbizi wa Burundi na Rwanda zilizokuwa katika eneo hili, pamoja na Luvungi, zilitawanyika. Mwaka 1998 vita ya RCD ikafuata. Kila mara jeshi linapopita, mlango wa magazini ndio unaovunjwa kwanza, kwa sababu kila mtu anajua ndani kuna nini.

Ni ya nani leo?

Hapa historia inakuwa jambo la mkate. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta peke yake. Mtu anapata haki ya kuutumia, na nyumba iliyo juu inaweza kuwa yake, lakini lazima awe na cheti cha kuandikishwa. Magazini iliyoachwa na mgeni mwaka 1964 ao 1973, ikapewa mtu wa chama, ikauzwa kwa karatasi ya mkono, ikarithiwa na watoto wa mama wawili, mara nyingi haina cheti hicho. Na sheria hiyohiyo inasema cheti kikishafikisha miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kukiondoa. Aliyechelewa anabaki na haki ya kudai fidia tu. Kwa hiyo familia inayokaa kimya kwa sababu «kila mtu anajua ni ya baba yetu» inaweza kuamka siku moja na kukuta jina la mwingine.

Kuhusu jengo lenyewe, Kongo ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, inayoruhusu Serikali kuandikisha majengo yenye thamani ya historia ili yasibomolewe bila ruhusa. Lakini maeneo yote matano ya Kongo yaliyo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ni mbuga na misitu, kama Kahuzi-Biega ya hapa Kivu ya Kusini. Hakuna hata barabara moja ya maduka. Zanzibar, Mji Mkongwe uliingia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Huko duka la barza linahesabiwa pamoja na misikiti na milango ya kuchonga. Bukavu yenyewe, iliyoitwa Costermansville kuanzia 1927, bado ina majengo mengi ya wakati wa Wabelgiji yanayosifiwa na wageni. Magazini za bonde hazina anayezisifu.

Haifai kusema kwamba kila magazini ya zamani ibaki. Mwenye nyumba anahitaji kulisha watoto, na jengo jipya linaweza kumpa kodi nzuri zaidi. Tena si kumbukumbu tamu kwa wote: babu aliyelima pamba kwa nguvu na kuacha pesa yake yote kwenye kontwari hakuwa na sababu ya kupenda nyumba hiyo. Lakini kontwari hiyo ni moja ya vitu vichache vinavyoweza kumwonyesha mjukuu jinsi jambo hilo lilivyofanyika, na ukuta ukishaanguka hakuna tena cha kuonyesha.

Yapo mambo yasiyodai pesa nyingi. Kabla ya kubomoa, familia inaweza kupiga picha za mbele, za ndani na za nyuma, na kupima urefu na upana. Majina na miaka iliyoandikwa ukutani inakiliwe kabla ya kupakwa rangi. Vitabu vya madeni, fakture na barua za zamani visiwashiwe moto. Vinaweza kusaidia hata mahakamani. Walimu wa historia wa Luvungi wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee waliowahi kuwa kapita ao washonaji wa barza, waandike wanayoyasikia, kwa maana wazee hao wanazidi kupungua. Na anayekaa ndani ya magazini isiyo na cheti aende kwenye ofisi ya ardhi ya eneo lake aulize iko kwa jina la nani, kabla mtu mwingine hajauliza.